Gari la turbo lililogoma kukata kona Kalemie, na fundi niliyemtilia shaka

Wakuu, amani kwenu popote mlipo.

Mimi ni msomaji wa kimya humu. Naingia, nasoma nyuzi za magari, natoka; nimewahi kuuliza swali moja tu. Leo nimeamua kusimulia mwenyewe. Haya yalinipata miezi michache iliyopita, sijaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema ni ujinga. Sina sababu ya kujipamba, hamnijui.

Niko Kalemie, Kongo, ng'ambo ya ziwa ukitokea Kigoma. Kiswahili changu kimechanganyika kidogo, mtanivumilia.

Nina shahada ya uchumi, sina kazi ya kueleweka, kwa sasa namsaidia mama biashara yake ya ndakala. Nyie mnaita dagaa. Ananunua kwa wavuvi, anakausha, anafunga kwenye magunia, magunia yanapanda treni kwenda Kabalo.

Na nina tabia moja: nafikiri kupita kiasi. Mtu akinisalimia kwa sauti ya chini, nashinda siku nzima najiuliza nimemkosea nini. Mkijua hilo, mengine mtayaelewa.

Sasa gari.

Kampuni sitaitaja. Nimeona humu, ukitaja kampuni tu, watu wanaacha tatizo lako wanaanza kubishana ipi ni bora. Ni station wagon ya Kijapani, ya zamani, ina turbo, gia za mkono, na ni AWD ya muda wote. Yaani haina leva ya kuingiza 4x4. Magurudumu yote manne yanavuta saa zote, upende usipende. Enzi zake lilikuwa gari la watu wenye haraka.

Usukani uko kulia, na sisi huku tunaendesha kulia mwa barabara. Kulipita lori ni lazima aliyekaa kushoto akuchungulie.

Ni la kaka yangu mkubwa, yaya Fidèle kama tunavyomwita huku. Alipata kazi Kolwezi, akaniachia funguo na neno moja: "Hii si gari ya magunia."

Wiki ya kwanza nikapakia magunia.

Kabla sijaingia kwenye ufundi, niseme kilichokuwa hatarini, maana halikuwa gari.

Kuna fundi anaitwa Papa Séraphin, ana garage mtaa wa Kataki. Mtu mzima, mpole, maisha yake yote amefungua jeep. Wakati huo parokia yetu ilikuwa inatafuta fundi mmoja wa kudumu kwa magari yake matatu, yale yanayokwenda Niemba na Nyunzu, na yeye ndiye aliyekuwa anangoja jibu. Kwa fundi wa hapa, kazi ya kudumu ni jambo kubwa. Unaacha kukaa barabarani ukisubiri gari la mtu liharibike.

Mama yangu yuko kwenye kamati ya parokia.

Kwa hiyo neno langu kuhusu huyu mzee lilikuwa na uzito, na mimi sikuwa na habari.

Ilianza hivi. Gearbox ilikuwa inavuja mafuta kwenye oil seal. Nikampelekea Papa Séraphin. Gari likakaa kwake siku nne. Ijumaa nikalichukua, chini pakavu, hakuna hata tone. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Jumamosi nikaendelea na shughuli za kawaida, soko, tairi, magunia. Jumatatu hadi Jumatano gari lilipumzika uani.

Alhamisi nilipeleka magunia stesheni. Nikayashusha, nikaingia barabara ya lami ya mjini. Nikataka kugeuza, nikazungusha usukani hadi mwisho.

Gari likagoma.

Sijui niieleze vipi. Ni kama mtu wa nyuma amevuta handbrake. Ukiachia clutch, gari linasita, linaruka kidogo, na chini unasikia tuk, tuk, tuk. Usukani unakuwa mzito, halafu unataka kurudi wenyewe katikati kwa nguvu, kama unashindana na mtu. Ukinyoosha tu, kimya. Gari linakwenda vizuri, turbo inaita, hakuna shida.

Nikasimama pembeni, nikashuka, nikachungulia chini kama vile ninajua ninachokitafuta.

Hapo ndipo siku zangu za kuchanganyikiwa zilipoanza, wakuu.

Wazo la kwanza: power steering. Nikaangalia oil yake, imejaa. Nikaibadilisha hata hivyo. Hakuna tofauti.

Wazo la pili: steering rack imekufa. Lakini gari likiwa limesimama, injini inawaka, usukani unazunguka laini hadi mwisho pande zote mbili. Rack mbovu inachaguaje kuwa mbovu gari likitembea tu?

Wazo la tatu: CV joint. Nikafungua simu, nikasoma kwamba CV joint ikifa inalia ukikata kona. Nikafurahi siku nzima. Nikalala chini, nikakagua buti za mpira, zote nzima, grisi iko ndani. Furaha ikaisha.

Nikanunua daftari. Niliandika kila kitu: saa, joto la injini, niko na mizigo au sina, upande gani wa kona, hadi kama mvua imenyesha. Na daftari ndilo lililonimaliza kabisa, kwa sababu lilisema mambo yasiyopatana.

Asubuhi, gari likiwa baridi: kona inakatika vizuri.

Baada ya kutembea kama nusu saa: inagoma.

Kwenye lami: inagoma.

Kwenye vumbi, hizi barabara zetu za mitaani zenye mchanga: inapona kabisa. Unakata kona unavyotaka.

Likiwa na magunia: nafuu kidogo.

Likiwa tupu: mbaya zaidi.

Niambieni, ni ugonjwa gani unaojua lami na vumbi? Nilifika mahali nikadhani tatizo ni mimi. Kwamba lami imenitia woga, basi nikifika pale nazungusha usukani vibaya. Nilikwenda mara tatu kwenye lami ile ile kujipima mwenyewe, si gari.

Nikauliza humu ndani pia, wengine mtakumbuka. Mmoja akasema rack, mwingine bearing, mwingine akasema niuze. Kila jibu nililiamini kwa saa mbili.

Kuna dereva wa taksi mtaani kwetu anaitwa Guylain. Rafiki yangu, mdomo wake hauna breki. Akanikuta nimekaa juu ya boneti na daftari langu.

"Docteur, mugonjwa anaendelea je?"

"Bado."

"Ulipeleka kwa nani mara ya mwisho?"

"Kwa Papa Séraphin. Oil seal ya gearbox."

"Aah." Akatafuna njiti yake ya meno kidogo. "Na ile ya bleu ingali pale?"

"Ipi ya bleu?"

"Ile ndugu ya yako. Ilikuwa inalala juu ya mawe ndani ya garage yake. Boîte ilikufa. Juzi nimeiona inatembea, hata inaruka."

Boîte ndiyo gearbox, kwa Kifaransa chetu.

"Na kwa hiyo?"

"Mimi sijasema kitu. Gari mbili za namna moja ziko ndani ya garage moja. Moja inapona, ingine inaugua. Wewe njo umesoma."

Njo ya huku ni ndiye yenu. Akaondoka anacheka. Kwake ilikuwa mzaha. Kwangu ilikuwa kama mtu amewasha taa chumbani.

Nikarudi kwenye simu kusoma. Nikajifunza kwamba gari kama langu lina kitu ndani ya gearbox kinaitwa center diff. Kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yapishane mwendo kidogo, kwa sababu kwenye kona, ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Center diff ikikwama, gari linagoma kona. Kwenye lami hasa. Likishapata moto hasa.

Dalili zote zikakaa mahali pake.

Na gearbox yangu ilikuwa mikononi mwa nani kwa siku nne? Na kando yake kulikuwa na gari gani?

Nikaandika kwenye daftari: amebadilisha. Nikaikata. Nikaandika: huenda amebadilisha. Ile "huenda" ilinifanya nijione mtu wa haki.

Sikuenda kumuuliza. Hapo ndipo kosa langu. Nilijiambia nasubiri ushahidi, lakini ukweli ni kwamba naogopa watu wakinikunjia uso. Ilikuwa rahisi kumshuku nikiwa mbali.

Ijumaa ya wiki iliyofuata mama alikuwa amekaa kwenye bâche, lile turubai tunaloanikia ndakala, anatoa uchafu. Bila kuinua kichwa akaniambia:

"Padri anauliza kama Séraphin ni muntu wa kuaminia. Wewe umemupa kazi. Niseme nini?"

"Mama, mimi sijui."

"Hujui nini?"

"Gari iliingia kule inakata kona. Imetoka, haikati."

Mikono yake ikasimama. "Unasema ameiba?"

"Sijasema hivyo."

"Basi unasema nini?"

"Nasema sijui."

"Hiyo sijui yako iko nzito," akasema, akarudi kwenye ndakala zake.

Jumapili baada ya misa kamati ilikaa. Mama hakusema mtu ameiba. Alisema tu kijana wake ana mashaka. Ikatosha. Jibu la Papa Séraphin likasogezwa mbele, na jina la fundi mwingine likatajwa.

Kalemie si kubwa, wakuu. Kufikia Jumanne mashaka yangu yalikuwa yameshaota miguu.

Jumanne hiyo hiyo Papa Séraphin akaja nyumbani. Alikuja kwa miguu, amevaa shati safi la kanisani, ila kucha bado zina weusi wa oil. Mama akampa kiti. Hakukaa.

"Mama, pole kwa kukusumbua. Nimekuja kwa kijana."

Nikatoka ndani. Nilitamani niwe nimesafiri.

"Mutoto yangu," akasema, sauti ile ile ya siku zote, "nimesikia nilitoa chuma ndani ya gari yako, nikaweka ndani ya gari ya mwingine. Nimesikia kwa watu watatu. Kwako bado sijasikia."

"Papa, mimi sikusema hivyo."

"Ulisema nini?"

"Nilisema sijui."

Akatikisa kichwa polepole. "Hata mimi sijui. Basi tuko wawili wenye hatujui. Kesho asubuhi leta gari. Mama akuje, katekista akuje. Nitafungua boîte mbele yao. Wakikuta chuma cha mwingine, mimi nafunga garage, narudia kwetu Kiambi kulima."

Akaaga, akaondoka.

Kesho yake nikaendesha kwenda Kataki, mama kando yangu. Njiani nikapata wazo jingine: center diff yangu ilikuwa na alama gani? Hakuna anayejua. Wakikuta imeungua, watasema aliweka mbovu. Wakikuta nzima, watasema basi kwa nini gari linagoma, ameficha kingine. Kufungua gearbox kusingemsafisha yule mzee hata kidogo. Kungemchafua tu mbele ya mashahidi.

Nikataka kugeuza nirudi nyumbani. Tulikuwa kwenye lami. Gari likagoma kugeuka.

"Endelea mbele," mama akasema.

Garage ilikuwa na watu kuliko kawaida. Katekista Papa Donat alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Guylain naye alikuwepo, hakuna aliyemwita.

Papa Séraphin hakuanza na spana. Alileta gunia, akalifungua, akaweka chini chuma kimoja cheusi, kimeungua. "Hiki njo kilikufa ndani ya ile ya bleu. Kipya kilitoka Kigoma na boti, mwenye gari mwenyewe aliagiza."

"Mwenyewe yuko wapi?" katekista akauliza.

"Kabalo. Anarudi mwisho wa mwezi."

Niliona katekista anapima uso wa mzee.

Kisha Papa Séraphin akaniomba funguo. Akapanda na katekista, wakaenda hadi kwenye lami, wakazunguka kwa muda, wakarudi. Aliposhuka alikuwa amekunja paji la uso.

"Hii naijua," akasema. "Hii ni jeep yenye dereva alisahau ndani ya crabot."

Crabot ndiyo ile 4x4 ya leva. Ukiingiza, mbele na nyuma vinafungwa pamoja. Kwenye matope ni sawa, tairi zinateleza kidogo, hakuna anayeumia. Ukiisahau ukaingia nayo kwenye lami, gari linagoma kona.

"Mbele na nyuma zinagombana," akaendelea. "Lakini gari yako haina leva. Sasa nani ameingiza?"

Aliuliza kweli kabisa, alikuwa hajui. Akalala chini, akanyoosha mkono kugusa gearbox upande wa nyuma, akaurudisha haraka. "Inawaka moto."

Akaanza kuweka jeki. Mimi nikabaki nyuma ya gari, hakuna aliyenipa kazi. Maneno yake yalikuwa yananizunguka kichwani. Mbele na nyuma zinagombana. Nikakumbuka kuna mtu humu jukwaani aliwahi kuniuliza swali moja fupi: tairi zote nne saizi moja? Nikamjibu ndiyo, zote kumi na sita. Nilijibu haraka, kwa sababu lilikuwa swali dogo na mimi nilitaka jibu kubwa.

Kumi na sita ni rimu, wakuu. Si tairi.

Nilikuwa na kamba ya nailoni mfukoni, ya kushonea magunia. Gari lilipoinuliwa lote, nikachuchumaa, nikaizungusha kwenye tairi la mbele kushoto, nikafunga fundo pale ilipokutana. Nikahamia la nyuma kushoto.

Kamba haikufika. Ilibaki vidole vinne.

Nikarudia. Vidole vinne. Nikaenda upande wa pili, vidole vinne.

Sasa niwaeleze jambo la huku kwetu. Taksi zote za Kalemie zinazobeba mizigo zina tairi kubwa nyuma. Magunia ya ndakala, mihogo, mawese, vyote vinakandamiza gari nyuma, linakaa kama mbuzi anayechutama. Dawa ya madereva ni hiyo: weka pneu kubwa nyuma, gari linasimama. Na kwao haina madhara yoyote, kwa sababu taksi zao zinavutwa na magurudumu mawili tu, yale mengine yanafuata.

Guylain ndiye aliyenishauri na mimi niweke. Niliweka ile Jumamosi. Siku moja baada ya kutoka garage.

Daftari langu lote lile, lenye mvua na joto na magunia, halikuwa na neno moja kuhusu tairi. Kwa sababu kichwani mwangu kubadilisha tairi hakukuwa matengenezo. Ilikuwa kama kubadilisha viatu. Gari "liliguswa" na mtu mmoja tu, fundi. Mimi sikuwa nimeligusa.

Hapa nitasema kitu ambacho mama mwenyewe hakijui.

Niliikunja ile kamba ndani ya ngumi, nikasimama. Kwa kama dakika nzima sikusema kitu. Nilishapiga hesabu yote: nikinyamaza, kesho nabadilisha tairi kimyakimya, gari linapona, nasema limepona lenyewe. Hakuna atakayejua. Mimi nabaki msomi mwenye mashaka ya busara. Papa Séraphin anabaki na kile kivuli, na kazi ya parokia inakwenda kwa mwingine.

Nilimwona anachagua spana. Akaiweka kwenye bolti ya kwanza, akavuta pumzi.

"Papa, ngoja."

Sauti ilitoka ndogo, hakuna aliyesikia. Nikarudia.

Nikamwonyesha kamba. Hakuniamini, akaichukua akapima mwenyewe, mbele, halafu nyuma. Akamwita katekista naye apime. Mama akasogea, akaangalia vile vidole vinne vya hewa kati ya fundo na ncha ya kamba.

"Uliweka lini?" Papa Séraphin akauliza.

"Jumamosi. Baada ya kutoka kwako."

Guylain akaanza kujitetea kabla hajaulizwa. "Lakini hata mimi niko na pneu kubwa nyuma, miaka yote, na gari haigombani na muntu."

"Yako inatembea na miguu mbili," Papa Séraphin akamwambia. "Hii inatumika na yote ine. Umeivalisha sandali mbele, bottes za mvua nyuma, halafu unaiambia itembee hatua moja, inyamaze."

Katekista akacheka kwa pua. Mimi sikuweza.

Tairi za zamani zilikuwa nyumbani, mama anazitumia kukandamiza bâche upepo wa ziwa usiibebe. Tukazileta kwa pikipiki. Tukafunga, tukaacha gearbox ipoe, katekista akasali sala yake ya saa sita, tukaenda kwenye lami.

Nikakata kona kulia hadi mwisho. Kimya. Kushoto hadi mwisho. Kimya. Nikaendesha nusu saa, likapata moto, nikarudia. Usukani ulikuwa mwepesi kama siku ya kwanza.

Wakuu, nilitakiwa nifurahi. Nikaliendesha polepole kurudi, sikutaka tufike.

Tuliporudi garage mama akasema, "Papa Séraphin, utusamehe."

"Mama, wewe hukukosa," akajibu. Alikuwa anafuta spana moja moja na kuzipanga. "Na hapa si pahali pake. Neno lilisemwa kwenye kamati. Lirudi kwenye kamati. Na mwenye alilianzisha alirudishe na kinywa chake."

Mimi kuzungumza mbele ya watu ni adhabu. Nilipotetea kazi yangu ya mwisho chuoni nilisahau jina la msimamizi wangu. Lakini Jumapili nilisimama kwenye ukumbi wa parokia, na kurasa mbili nilizoandika, na sikusoma hata mstari. Nikasema: Papa Séraphin hakutoa kitu kwenye gari letu. Niliweka tairi zisizolingana mimi mwenyewe. Nilikuwa na mashaka, sikwenda kumuuliza.

Mzee mmoja wa kamati akainua mkono. "Kwa hiyo hakuiba?"

"Hakuiba."

"Na wewe ulijua umebadilisha pneu?"

"Nilijua. Ila sikujua kama najua."

Ukumbi mzima ukacheka. Wacha wacheke. Papa Séraphin alikuwa kwenye benchi la nyuma, yeye hakucheka.

Wiki iliyofuata wakampa kazi.

Nilikwenda kumpongeza. Alikuwa chini ya jeep ya parokia, naona miguu tu. Nikasema hongera, Papa. Akasema asante. Nikatafuta la kusema, nikamwambia gari letu likipata moto sana bado lina mlio mdogo katikati, nadhani center diff imechoka kwa zile siku nilizolitesa, nilete lini aiangalie?

Spana ikasimama.

"Gari ilete Jumatatu," akasema kutoka kule chini. "Mupe Guylain funguo. Wewe ubaki kwenu."

Halafu kazi ikaendelea.

Nimeigeuza hiyo sentensi kwa wiki nyingi sasa. Kuna siku naamua ni utani, kwa sababu nilidhani nilisikia kicheko kidogo. Kuna siku naamua hakikuwa kicheko, ni spana imeteleza. Jumatatu gari lilikwenda na Guylain, likarudi na mlio wake vile vile, ila limeoshwa hadi ndani ya rimu, kitu ambacho sikuomba. Nalo sijui linamaanisha nini.

Nilichojifunza, kwa wenye AWD za zamani: pimeni mzunguko wa tairi kwa kamba, zote nne, msiamini namba ya rimu. Msichanganye saizi, wala mpya na zilizokwisha. Gari likigoma kona kwenye lami na kupona kwenye vumbi, mbele na nyuma havipatani, anzeni chini, kwenye tairi, kabla hamjafungua gearbox. Na mkiandika orodha ya vitu vilivyobadilika, jiandikeni na nyinyi wenyewe.

La pili si la magari. Nilidhani "sijui" ni neno lisilo na upande. Ukilisema sikioni mwa mtu anayeamua riziki ya mwenzako, lina upande.

Sasa naomba maoni yenu. Wa ufundi waniambie kama ule mlio wa center diff unavumilika au nianze kutafuta nyingine. Yaya Fidèle bado hajaambiwa, na kuhusu hilo msinishauri, naogopa tayari.

Na waliowahi kumkosea fundi wao waniambie walirudi vipi. Jumatatu ijayo gari linatakiwa kubadilishwa oil. Niendeshe mwenyewe hadi Kataki, au nimpe Guylain funguo?